Mapacha: Leo Epuka Safari

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mzee Nukta amenichokoza! Tena kwa maandishi, gazetini, mbele ya wasomaji wote.

Meza zetu zinatazamana miaka nenda miaka rudi. Yeye husahihisha herufi na nukta za wenzake, ndiyo asili ya jina lake, na huandika kona ya dini. Mimi ni Bwana Nyota. Naandika "Nyota Yako Leo", pembeni mwa chemshabongo. Nyota kumi na mbili, kila siku ya Mungu. Darubini sina. Nina dirisha linalotazama mtaro, na kipaji.

Leo kaanza mfululizo, eti tofauti ya nabii na mtabiri. Kasema mtabiri huulizwa, naye hujibu linalompendeza aliyeuliza. Nabii haulizwi na mtu. Hutumwa, husema lisilopendeza, na mara nyingi yeye mwenyewe hakutaka kwenda. Jina langu hakulitaja. Lakini Mama wa chai alinitazama akacheka hadi birika likamtikisika mkononi. Dongo limefika.

Shemeji kapiga simu ya ofisini. Dada bado amelazwa, anataka kuniona. Nimesema kesho.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki, mimi hata kutembea sijui. Dada akawa ananibeba mgongoni mpaka shuleni kwake. Wakamfukuza darasani kwa sababu ya kilio changu, naye akaona heri aiache shule kuliko kuniacha mimi. Hadi leo, na upara huu, ananiita kitinda mimba wake mbele za watu. Nampenda kuliko mtu yeyote duniani.

Tatizo ni moja. Wiki iliyopita nilimwambia, pale pale kitandani, kwamba nyota yake inang'aa na Jumapili atalala nyumbani kwake. Jumapili ilikuwa jana. Sasa niende na uso gani?

Nimefanya jambo bora zaidi. Dada ni nyota ya Kaa, na shemeji humpelekea gazeti kila asubuhi. Nimeandika: "Kaa: afya inarejea. Madaktari watashangaa." Neno lililochapishwa lina nguvu kuliko mfuko wa machungwa.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepata njama safi kabisa!

Mhariri ni Simba. Nasema nyota, si tabia. Hagusi hata kichwa cha habari kabla ya kusoma nyota yake. Hujitia hamnazo, lakini namwona midomo inavyocheza. Nimemwandikia: "Simba: karibu nawe yupo mwenye miwani ambaye kipaji chake kimebanwa. Mpe nafasi kubwa zaidi." Miwani ninayo. Kipaji, tusiseme sana. Wiki ijayo nyota zitapewa ukurasa mzima, na kona ya dini itahamia chini ya matangazo ya magodoro.

Mama wa chai naye ni Mizani. Nimemwandikia: "Mteja wako wa kwanza leo ana moyo safi. Mwongezee sukari."

Shemeji kapiga tena. Nilikuwa chini ya meza natafuta kalamu. Kalamu ilichukua muda mrefu kupatikana. Mzee Nukta kapokea, kamwambia nipo ila sionekani. Mtu mzima hajui hata uongo mdogo!

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kwisha habari yangu.

Kwanza nilichelewa. Mteja wa kwanza wa Mama wa chai akawa dereva wa kusambaza magazeti. Kanywa chai tamu hadi midomo ikashikana, na sasa anamwita mchumba.

Pili, Mhariri. Alisoma nyota yake, akatoka, akaangaza macho ofisi nzima. Nikavua miwani, nikaipangusa kwa madaha, nikaivaa tena. Akanipita! Akaenda kumpa mkono Mzee Nukta. Loo! Nilisahau kwamba na yeye ana miwani, tena ile ya vioo vinene. Kona ya dini imepewa nusu ukurasa zaidi. Nafasi hiyo imekatwa kwangu. Ndoo na Samaki sasa watatumia bahati moja.

Mchana Mzee akanisogezea kikombe cha chai. Akaniambia niende hospitali leo, nisingoje kesho. Nikamuuliza kwa kejeli kama ameota au ameonyeshwa maono. Kasema hakuota wala hakuonyeshwa kitu. Yeye si nabii, yeye hupokea simu tu, na sauti ya shemeji yangu ameisikia. Kisha akaongeza, na mtu hajamuuliza, kwamba nabii wa kweli akitoa onyo huomba lisitimie. Huomba watu wageuke, mji upone, yeye aonekane mwongo na arudi kwao akilia kwa furaha. Mtabiri akionekana mwongo, basi biashara imekufa. Nikamwambia hayo ayaweke akiba kwa ajili ya nafasi yake mpya.

Ila ile chai sikuimaliza. 

Baadaye akili ikanijia. Mimi ni nyota ya Mapacha. Nimeandika: "Mapacha: leo epuka safari na majengo yenye ngazi nyingi." Hospitali ina ngazi. Shemeji akipiga kesho nitamjibu kwa moyo mweupe. Si mimi nisiyetaka kwenda. Gazeti limekataza.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Shemeji kapiga. Safari hii nikapokea mwenyewe, kifua mbele, nikamsomea Mapacha neno kwa neno.  Kasema ndiyo, wameshaiona. Sikuelewa anamaanisha nini. Nikamwambia amsalimie dada, amwambie kesho.

Sasa kisasi. Nimemuuliza Mzee Nukta nyota yake, kwa upole, kama mtu anayetaka kumtakia heri. Kasema tarehe yake ya kuzaliwa haijui. Alizaliwa mwaka wa mvua nyingi, basi. Ebo! Mtu asiye na tarehe utampigaje?

Lakini mimi sishindwi. Kama sijui aliko, nitarusha kote, na mvi zake zitamtambulisha. Nimeandika onyo moja kwenye nyota zote: "Leo mtu mwenye mvi atakusemesha. Mpuuze." Kesho hakuna atakayemjibu hata salamu.

Mapacha nimewaongezea: "Bado epuka safari." Kaa nimemwandikia: "Leo utacheka."  

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mkurugenzi wetu ana mvi kichwa kizima. Nilikuwa nimesahau.

Askari wa getini ni Nge, tena msomaji mwaminifu. Mkurugenzi kafika na gari, kapiga honi. Askari kamtazama, kafungua gazeti, kahakikisha, kageuza kiti akampa mgongo. Mkurugenzi kashuka, kapita mlango mdogo kwa miguu, suruali matope hadi magotini. Mapokezi kasalimia, hakuna aliyeitika. Mama wa chai kamnyima chai. Mzee Nukta peke yake, ambaye nyota hazisomi, ndiye aliyesimama akampa shikamoo. Mkurugenzi kamkumbatia.

Nikaitwa kwa Mhariri. Nilipewa maneno ambayo shajara hii haiyawezi. Katikati ya maneno hayo Mzee Nukta akaingia bila kupiga hodi. Hajawahi kuingia hivyo. Kasema ametoka kwenye simu, na kwamba niende sasa hivi, nisichukue hata koti. Mhariri mwenyewe akanionyesha mlango.

Nikaenda. Naapa nilienda. Nilifika mpaka chini ya zile ngazi. Mkononi nina gazeti la leo. Nikalifungua: Mapacha, bado epuka safari. Najua nani kaandika. Sijarukwa na akili. Lakini likishachapwa linakuwa na uso mwingine, linakutazama kama halikujui.

Na ukweli mwingine niuseme, maana hapa hanisomi mtu. Niliogopa. Niliogopa dada atanitazama, nami nitaona ameshajua kwamba ile Jumapili niliitoa kichwani mwangu.

 Nikarudi ofisini kwa mlango wa nyuma, nikaandika ya kesho: "Mapacha: leo ndiyo siku. Nenda kwa uwapendao, utapokelewa kwa furaha." Kesho nitaenda bila kizuizi. Shati nimeshalipiga pasi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nilipanda ngazi gazeti likiwa kwapani, machungwa mkononi.

Kitanda cha dada kilikuwa kitupu. Godoro limekunjwa, mwuguzi anapangusa chuma kwa kitambaa. Nikafurahi! Nikamwambia, unaona, nilisema ataruhusiwa. Mwuguzi akaacha kupangusa. Akaniuliza mimi ni nani kwake.

Alfajiri. Dada yangu amefariki alfajiri.

Shemeji nilimkuta kwenye benchi la nje, magazeti ya wiki nzima mapajani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kanipa nafasi nikakaa. Nikamwambia kwa kulia kwamba kila siku nilimwandikia Kaa mambo mazuri, je, alikuwa akisomewa? Shemeji kasema hapana. Alikuwa akifungua gazeti aanze na Kaa, dada anamzuia kwa mkono. Anasema hiyo ni ya kufurahisha watu, nisomee Mapacha, nijue kitinda mimba wangu ameamkaje.

Mapacha! Alikuwa akisoma yangu!

Kasema Alhamisi alimsomea: epuka safari. Dada akasema, basi leo haji, ana kazi nyingi, kesho. Ijumaa akamsomea: bado epuka safari. Dada akasema mtoto anaogopa ngazi, msimlazimishe. Kisha akaomba ageuzwe alale kwa upande unaotazama mlango.

La leo halikuwahi. Dereva hufika hospitali saa moja.

Nilikuwa nalo kwapani. Nenda kwa uwapendao, utapokelewa kwa furaha. Nimelia mpaka machungwa yakaviringika ngazini, na wagonjwa wakawa wananiokotea.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Tulimzika jana. Watu walikuwa wengi, wengine siwajui, wote wananiambia dada alikuwa akiwasomea nyota zangu sokoni na kuwaambia huyu ni mdogo wangu.

Mzee Nukta alikuja. Alipanga viatu vya watu mlangoni, kisha akaja akakaa karibu nami kwenye mkeka. Nikamwomba aniambie neno. Lolote. Yeye si ndiye mwenye nusu ukurasa? Akatikisa kichwa. Kasema hana neno, hajapewa. Kasema mwenye neno kila siku, kwa kila mtu, huyo ndiye wa kumwogopa. Akabaki amekaa. Jua likapinda, watu wakapungua, yeye yupo tu, bega lake limegusana na langu.

Nilitaka kumchukia. Nguvu sikuwa nazo.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Nimerudi kazini tangu jana. Ofisi nzima wapole, hata Mhariri. Kanirudishia sehemu yangu iliyokatwa. Nimekataa kutenganisha Ndoo na Samaki, wameshazoeana.

Jana shemeji alipiga simu ya ofisini. Anasema nyumba imekuwa kubwa mno. Anajikuta anafungua gazeti asubuhi na hana wa kumsomea. Kaniomba Jumapili niende, tukae tu, si lazima tuzungumze. Mzee Nukta alikuwa akinitazama juu ya miwani. Nikamwambia shemeji bila shaka, Jumapili, asiwe na wasiwasi.

Nilipoweka simu nikaona kile kiti. Kiti cha dada, pale jikoni kwao, kile cha mguu uliofungwa kamba. Nitakaa wapi nisikione?

Lakini shemeji ni Samaki. Mtu akipata neno zuri mapema, upweke hupungua, na mgeni atakuwa hana la kuongeza. Nimeandika: "Ndoo na Samaki: upweke wenu unakaribia mwisho. Nyumba itajaa vicheko."

Nikabaki na nafasi ndogo upande wa Mapacha. Nilikaa nayo sana. Mzee Nukta alizima taa ya meza yake, akanipita, akaniwekea mkono begani bila neno, akaenda zake.

Gazeti limetoka leo asubuhi. Nimelinunua barabarani kama msomaji yeyote, nikasimama pembeni mwa mtaro nikasoma kwa sauti: "Mapacha: yule unayemlilia amekusamehe. Jumapili hii pumzika nyumbani."

Nimefarijika sana. Nyota hazijawahi kusema kweli namna hii.