Maoni Yangu Kuhusu Vibaraza

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua ofisi mapema. Mteja hakuna. Nikafungua redio, kosa kubwa! Tai Nyekundu, wakili wa jengo la pili asiyeivua tai hiyo shingoni, alikuwa hewani tena. Siku hizi wanamwita "mchambuzi wetu wa sheria, biashara na serikali". Tulisoma naye sheria. Aliwahi kunakili kwangu mtihani mzima. Ni kweli tulifeli wote wawili, ila majibu yalikuwa yangu.

Leo alichambua rasimu ya sheria ndogo ya vibaraza. Manispaa haitaki wenye maduka wapange vitu nje, watu wapate pa kupita. Mkaidi atapewa taarifa ya siku saba, kisha vitu vyake vitachukuliwa. Tai Nyekundu anasema rasimu ni kali mno, itawaumiza wadogo. Mtangazaji akampongeza. Na mke wangu naye! Duka lake la ushonaji liko chini ya ofisi yangu, na cherehani ameiweka kibarazani kwa sababu ndani hakuna mwanga. Nimemsikia kupitia dirishani akimwambia fundi viatu kwamba shemeji ameongea vizuri.

Shemeji! Undugu umeanza lini?

Jumanne, 4 Machi

Nimepata. Yeye akisema kali, mimi nasema laini. Redio inapenda watu wanaobishana, na wa kubishana naye hawana.

Nimeandika maoni kwa manispaa, nakala kwa redio. Hoja yangu ni kwamba taarifa ya siku saba ni zawadi kwa mvunja sheria. Ifutwe. Vitu vichukuliwe papo hapo, "iwe ni meza, viti, majiko na mashine za aina zote". Hapo kwenye mashine sikuwa na mashine yoyote akilini. Sentensi ilikuwa inakatika ghafla, nikaitilia mkia. Nimeisoma kwa sauti. Imetulia kabisa.

Mke wangu akapanda kuniletea shati alilonigeuzia kola. Akauliza ninaandika nini kwa furaha hivyo. Nikamwambia ni sera ya umma. Akasema sawa, mradi isimguse, maana ana sare za wauguzi za kukabidhi mwisho wa mwezi, na akiichelewesha kazi hiyo hospitali haitampa nyingine. Nikamtoa wasiwasi. Sheria inawahusu wakaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Wamenipigia! Nimekaa studio, uso kwa uso na Tai Nyekundu. Alisema hakuna mtu anayepaswa kunyang'anywa mali bila kusikilizwa. Nikamjibu kwamba miguu ya wapita njia nayo inastahili kusikilizwa. Sijui nilimaanisha nini, lakini mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. Nimepewa kipindi cha kila Jumanne. Peke yangu!

Nimerudi kichwa kimevimba. Fundi viatu hakuitikia salamu. Wivu huo.

Alhamisi, 20 Machi

Madiwani wamepitisha sheria na maneno yangu yote, mpaka ule mkia. Inasemekana maoni ya kupinga yalijaa sanduku. Ya kuunga mkono yalikuwa yangu tu, kwa hiyo katika upande huo tulikubaliana bila mvutano.

Jioni mke wangu akaniuliza kama cherehani si mashine. Nikasema kisheria ni chombo cha ufundi. Akauliza hilo limeandikwa wapi. Nikasema ni suala la tafsiri. Akanitazama, kisha akasema basi anafuata neno langu, mimi ndiye niliyesoma. Nikabadilisha mazungumzo.

Jumanne, 25 Machi

Siku mbaya. Niandike haraka.

Nilikuwa hewani nikifafanua sheria. Msikilizaji wa kwanza kupiga simu alikuwa mwanamke. Mtangazaji akamuuliza ni nani. Akasema ni mke wa mchambuzi. Akasema askari wa manispaa wako mbele yake, wamebeba cherehani, sare ya muuguzi bado imebanwa na sindano, na anaomba kujua kama ile tafsiri yangu ingali inafanya kazi.

Nikaomba nizungumze na askari. Akanisalimu kwa heshima, akaniita mheshimiwa, akasema hakosi kipindi changu. Kisha akanisomea "mashine za aina zote" na kuuliza kama ningependa kurekebisha chochote, yeye yuko tayari kusubiri.

Tai Nyekundu lazima alikuwa anasikiliza! Nikasema mchambuzi makini hatoi maoni juu ya jambo lililo mikononi mwa vyombo husika.

Kisha nikamsikia mke wangu analia, kwa sauti ndogo, na mji mzima unasikia pamoja nami. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtangazaji akaweka muziki.

Ijumaa, 28 Machi

Juzi mahakama ilikisimamisha kifungu changu. Sababu: mtu hanyang'anywi mali bila kusikilizwa. Wakili wa mlalamikaji, yaani mke wangu, alikuwa Tai Nyekundu, na hakutaka malipo. Cherehani imerudi. Mke wangu ameshona usiku na mchana, ameziwahi sare zake.

Leo Tai Nyekundu amekula kwetu, amekaa kwenye kiti changu. Shemeji ongeza mchuzi, shemeji usione haya. Nikawakumbusha kwamba bila mimi kesi yenyewe isingekuwepo. Mke wangu akampakulia mgeni tena. Redio nayo imenishukuru kwa mchango wangu na kumpa yeye Jumanne yangu.

Baada ya mgeni kuondoka, mke wangu akakata kauli. Kodi ya ofisi analipa yeye, na ofisini kuna mwanga. Cherehani inapanda juu. Mimi nishuke na mafaili yangu, nikafanyie kazi nyumbani.

Jumapili, 30 Machi

Ofisi mpya ni meza ya chakula. Haina tabu, ila mafaili yananuka vitunguu.

Asubuhi mke wangu amenisemesha kwa upole kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Ameuliza kama nitakunywa chai. Nimefurahi hadi nikaunguza ulimi. Nikamwapia kwamba nimejifunza. Akasema tutaona.

Kisha nikafungua redio. Manispaa ina rasimu mpya, inataka kupiga marufuku nyumba za kuishi kutumika kama ofisi. Tai Nyekundu akasema ni kali, wahusika wapewe mwaka mzima wa kujipanga. Mwaka mzima! Mtangazaji akampongeza.

Nimesogeza kikombe. Hoja yangu ni kwamba muda wa kujipanga ni zawadi kwa mvunja sheria. Ufutwe. Vitu vichukuliwe papo hapo, iwe ni makabati, mafaili na meza za aina zote. Imetulia!

Mke wangu amepita nyuma yangu na kuuliza ninaandika nini kwa furaha hivyo. Nimemwambia ni sera ya umma.