Nilivyowahesabu Watu wa Wamaza

Ndugu zangu wa Kasongo, leo nimeaibika mbele ya kijiji kizima. Naandika upesi nimpe dereva barua hii, kwa sababu lori linaondoka na shangazi yangu Zaina yumo ndani. Afadhali habari mzipate kwangu kabla hajawasimulia yeye.

Mnajua anataka kujenga vyumba vya kupangisha, ila hajui ajenge wapi, Kasongo au huku Wamaza. Nikamwambia, "Shangazi, usitazame kiwanja, tazama watu. Panapoongezeka watu, chumba hakikosi mpangaji." (Niliacha shule mapema, lakini kuhesabu nilikuwa nimeshamaliza.) Akaniahidi chumba kimoja, bure, nikimchagulia vizuri. Mimi, niliyelala kwenye baraza zenu zote!

Basi asubuhi nimemwacha kwa sultani wa hapa, wakisalimiana. Nimeazima kofia ngumu ya dereva, maana jua kali. Nimechukua daftari na penseli. Nimeingia kijijini.

Nyumba ya kwanza: moto unawaka, chungu kinachemka, mtu hakuna. Ya pili vilevile. Ya tatu nimeona visigino vinapotelea kwenye migomba. Watu wachangamfu hawa, nikajisemea. Dalili njema!

Nyumba ya nne nimemkuta bibi kizee anamenya mihogo. Magoti hayakumruhusu kukimbia.

"Jambo, koko, bibi yangu. Hapa mnaishi watu wangapi?"

"Mimi tu, mutoto wangu."

"Na wale vijana wanne nyuma ya nyumba?"

"Wageni."

"Na yule anayeezeka paa lako?"

"Mugeni."

"Na huyu mtoto anayekuita koko?"

"Mugeni. Lakini iko na heshima."

Nimeandika yote. Jirani yake, mwanaume mzima aliyelala kitandani mwake, ameniapia kwamba yeye ni mgeni wa mke wake. Nimemwandika naye. Hadi jua la utosi nimepata wenyeji kumi na mmoja, wageni tisini. Tisini! Na mgeni anahitaji nini kama si chumba?

Nimekimbia hadi uwanjani kwa sultani. Amekaa na shangazi, pamoja na kapita wa pamba, yule anayempimia kila mwanaume aliyeandikwa shamba lake la lazima. (Hapo akili ingenifaa. Haikuja.) Nimesoma kwa sauti kama niko kanisani:

"Wenyeji kumi na mmoja, wageni tisini! Shangazi, jenga hapa! Jenga mpaka barabarani!"

Sultani amecheka mpaka amejifuta machozi.

"Mutoto, mutu wa kofia na kitabu akipita hapa, kesho yake tunalima pamba. Hakuna mugeni hata mumoja. Walikukimbia weye!"

Kapita hakucheka. "Hao wote iko mu buku yangu tangu zamani. Weye iko mu buku ya nani?"

"Ya Kasongo," nikasema.

Shangazi yangu, ambaye hajui kudanganya hata kidogo, akadakia: "Kule makapita walimutafuta sana. Hawakumupata."

Nikajikuna kichwa. "Kusema kweli, kapita, mimi hapa ni mgeni."

Lo! Wenye visigino wote walikuwa wamesharudi kutoka migombani, wamejaa uwanjani. Na nani anapenya mbele na fimbo yake? Koko.

"Mugeni wapi! Huyu mutoto wetu kabisa! Mumwandike!"

Uwanja mzima: "Mumwandike! Mumwandike!"

Nimeandikwa. Shamba langu liko ng'ambo ya mto, nyasi zinanifika kifuani. Shangazi amekata shauri kujenga Kasongo. Nimemuuliza, "Na chumba changu?" Amenijibu akipanda lori: "Chumba cha nini? Mutu mwenye makao yake Wamaza!"

Kwa hiyo ni kweli, watu wa Wamaza wanaongezeka. Leo wameongezeka kwa mtu mmoja. Mkitaka kucheka sikatazi, ila njooni mchekee huku, kila mtu na jembe lake.