Ngisi Ndani ya Sufuria ya Kuluthum

Jumatatu, 3 Februari 2025. Likoni.
Shemeji Shaza kapiga simu. Anataka ile sufuria kubwa ya pilau ya marehemu mke wangu, Kuluthum. Asema ni ya mama yao, na arusi ya bintiye ni tarehe 22. Kumnyima shemeji ni aibu. Kumpa siwezi. Pilau ikiiva, Kuluthum alikuwa akigonga ukingo wake kwa mwiko, mara mbili. Basi, dawa ni sufuria ipate kazi!

Jumanne, 4 Februari.
Kazi imepatikana! Dema la jirani yangu Karisa, mtego wake wa samaki, limetoka baharini limegandwa na mayai ya ngisi. Vifuko vyeupe, kama vidole vya mtoto mchanga. Nikayaomba, nikayatia sufuriani na maji ya bahari. Karisa akauliza kama ni ya kupika kwa nazi. Nikamwambia nayalea. Akacheka mpaka akakaa chini.
Nikampigia Shaza: sufuria ina wageni, hawahamishiki. Akaguna.

Jumatano, 12 Februari.
Ndoo nne za maji, asubuhi na jioni. Ole wangu mgongo! Lakini kila yai sasa lina macho mawili mekundu. Kila kitoto kimekumbatia kiini chake kama chupa ya maziwa. Karisa asema mama ngisi akishataga hufa.
Leo nimebadilisha maji mara tatu.

Jumatatu, 17 Februari.
Shaza kaja mwenyewe. Kafunua kifuniko. Akasema wallahi shemeji umerukwa na akili, mama huko kaburini kajifunika uso. Nikamwambia hawaanguliwi mpaka baada ya Idi. Akachungulia tena. Wana madoadoa, yanawaka na kuzima. Akauliza, polepole, wanakula nini.
Nimeshinda!

Ijumaa, 21 Februari.
Wameanguliwa! Wote, alfajiri! Wadogo kama punje za mchele, lakini ngisi kamili: wanaogelea kinyumenyume, wanageuka rangi. Mmoja kanirushia wino!
Karisa asema wanataka chakula kilicho hai, wakikosa, watalana. Shaza naye huyo, na tuktuk mlangoni. Tukaibeba sufuria hadi ufuoni, yeye sikio moja, mimi jingine, tukawamimina taratibu. Akawaambia nendeni salama, wanangu. Nilipomaliza kuwapungia mkono, tuktuk ilikuwa imeshaondoka. Na sufuria.

Jumatatu, 24 Februari.
Arusi ilifana. Pilau ilizidi chumvi kidogo. Nikaongeza sahani ya pili.
Shaza asema Ijumaa, kabla ya Ramadhani, atakuja kuchukua mbuzi ya Kuluthum ya kukunia nazi. Nimeshakwenda kwa Karisa. Nataka pweza, aliye hai. Akishaikumbatia mbuzi kwa mikono yote minane, nani atamtoa?