Nilivyopekua Mchanga wa Mama Kulwa Nikitafuta Wosha

Leo aibu imenikuta, na imenikuta nimechuchumaa.

Asubuhi niliamka Tinde, nikakunja shuka, nikaaga, nikasimama barabarani. Mpango sikuwa nao. (Sijawahi kuwa nao. Shule yenyewe niliiacha darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua lori la ng'ombe linaishia wapi. Linaishia mnadani.) Likaja lori la mchele. Dereva akauliza naenda wapi. Nikamuuliza yeye anaenda wapi.

"Rwamgasa."

"Na mimi huko huko."

Basi ndivyo nilivyopata safari.

Tulipopita Ushirombo dereva akanunua muwa. "Kijana, una kisu?"

Kisu ninacho! Cha kukunja, mpini wa mbao, nilikipata mnadani kwa kubadilishana na tochi. Nikakitoa kwa madaha. Hakikufunguka. Nikatia ukucha, ukucha ukavunjika. Nikatia meno.

"Hicho ni kisu au kufuli?" dereva akauliza.

"Kinafunguka, kaka. Kinataka kubembelezwa tu."

Akaumenya muwa kwa meno yake. Mpaka Rwamgasa hakuniomba kitu kingine. (Hata saa hakuniuliza, na saa ninayo mkononi.)

Nilishuka saa nane mchana. Nyumba za wageni zimejaa zote. Kuna mashimo mapya yameanza kutoa dhahabu, watu wamemiminika. Nikaelekezwa kwa Mama Kulwa, vyumba sita vya mabanzi karibu na mashine ya kusaga mawe. Mwenyewe alikuwa sokoni. Dada anayeuza chai mlangoni, anaitwa Neema, akanipa hali halisi.

"Kimebaki kimoja. Ila Mama Kulwa hampi chumba mtu ambaye moyo wake umemkataa. Kaa hapo kwenye benchi, utulie. Na huo mchanga usiuguse."

Kando ya benchi kulikuwa na kichuguu cha mchanga kimefunikwa turubai. Akanieleza kwamba ni marudio, mchanga ulioshaoshwa mara moja lakini bado una dhahabu ndani yake. Mwenyewe anausubiria mnunuzi. "Aliyeugusa mara ya mwisho alisindikizwa na mtaa mzima mpaka barabarani. Na hakusindikizwa kwa nyimbo."

Nikatulia. Nikatulia dakika kumi nzima. Kisha mkono ukaingia mfukoni wenyewe.

Nina bisibisi ndogo ya mafundi simu. Nikafungua kisu chote. Jamani, uchafu! Utomvu wa machungwa, nyuzi za mfukoni, na kitu kigumu ambacho nadhani kiliwahi kuwa ugali. Neema akanimiminia mafuta ya taa kwenye kifuniko cha chupa. Nikasugua kwa mswaki wangu. (Kesho asubuhi nitajua la kufanya.) Kati ya ubapa na mpini kuna viduara viwili vya shaba, vyembamba kama ganda la kitunguu, mafundi wanaviita wosha. Hizo ndizo zinazofanya kisu kiteleze. Zangu zilikuwa nyeusi, zina mikwaruzo. Nikazilaza kwenye msasa laini, nikazungusha taratibu, nikamalizia na dawa ya meno. Zikang'aa njano mpaka nikajiona humo. Nikazipaka mafuta ya cherehani.

Wosha ya kwanza nikaipachika. Ya pili nikaibana kwa midomo, maana mkono mmoja ulishika mpini na wa pili ubapa.

Akapita mzee mmoja na fimbo yake. "Mwadila!"

Sasa mzee akikusalimia unafanyaje? Unabaki umebana midomo kama umenuna?

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba, baba. Umetokea wapi?"

"Tinde."

"Tinde hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Mvua?"

"Kidogo kidogo."

"Na ng'ombe?"

Nikamjibu mpaka habari za ng'ombe, huku najua mdomoni hamna kitu. Wosha haipo. Mzee akanitazama usoni kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akaenda kukaa kwa Neema.

Nikatafuta chini ya benchi. Hamna. Ndani ya viatu. Hamna. Nikakung'uta shati. Hamna. Ndipo nikaona pembe moja ya turubai imefunuka, na mchanga umemwagika mpaka miguuni kwangu. Moyo ukafanya paa!

Bila wosha, kisu ni vipande vya chuma tu. Nikaangalia huku na huku. Neema ameinamia moto, mzee anapuliza chai. Nikachota gao moja. Hamna. Gao la pili. La kumi. Pembeni kulikuwa na beseni la kuogea la wageni. (Hapa ndipo mwenye akili angeacha.) Nikajaza mchanga, nikatia maji, nikazungusha beseni kama nilivyowahi kuona wachimbaji wakifanya. Masikio yako njiani. Kila mguu uliopita nilijua ni wa Mama Kulwa.

Mchanga ukasogea. Chini kabisa, kiduara cha njano kikamemetuka.

"NIMEIPATA!"

Ndugu zangu, ukiwa Rwamgasa, una beseni mkononi, usipige kelele ya namna hiyo. Mashine ya kusaga mawe ilizimwa. Milango sita ikafunguka. Watu wakatoka na sabuni masikioni. Na katikati yao akatokea mama mnene mwenye ndoo ya nyanya kichwani. Hakuhitaji kutambulishwa.

"Umepata nini kwenye mchanga wangu?"

"Wosha, mama. Shikamoo."

"Shikamoo baadaye. Fungua kiganja."

Nikafungua. Mchimbaji mmoja mwenye mabuti ya mpira akainama. "Gete, kweli kabisa, hii siyo rangi ya kisu! Mwizi huyu! Ona, na beseni kaleta!"

"Beseni nimelikuta hapa hapa, kaka!"

"Si mnasikia? Kakiri!"

Wakaanza kusogea. Yule mzee akanyoosha fimbo. "Tulieni. Kama ni ya kisu, si iingie kwenye kisu?"

Nikashukuru Mungu. Nikapiga magoti, nikakipachika kiduara kwenye skrubu mbele ya watu wote.

Hakikukaa. Kilikuwa kikubwa mara mbili. Kilining'inia pale kama bangili ya mama kwenye mkono wa mtoto.

Nikatafuta kwa macho njia ya kukimbilia. Ilikuwepo moja, na Mama Kulwa alikuwa amesimama ndani yake. Akatua ndoo, akakichukua kile kiduara, akakigeuza. Kisha akaenda kwenye turubai, akashika ile pembe iliyofunuka. Tundu la kupitishia kamba lilikuwa limechanika, halina pete yake.

"Hii ni ya turubai langu," akasema.

"Haya, ya kwake iko wapi?" mwenye mabuti akauliza. "Hana! Kisu ni kisingizio!"

"Mbona anayo?" Neema akasema, bado ameshika chujio la chai. "Si hiyo hapo kidevuni?"

"Kidevuni wapi?" Mimi ndiye niliyeuliza.

"Hapo. Imeganda tangu ulipomsalimia mzee. Nilidhani ndiyo urembo wa vijana wa Tinde."

"Hata mimi niliiona," mzee akasema. "Nikasema moyoni, dunia imebadilika, tusiwaseme watoto wa watu."

Nikapeleka kidole. Ilikuwepo. Imekaa na mafuta yake ya cherehani, inang'aa, katikati kabisa ya kidevu. Nikaibandua, nikaipachika, ikaingia kama imezaliwa humo. Nikakaza skrubu, nikailegeza kidogo. Kisu kikafunguka kwa kidole kimoja, laini, bila sauti. Kazi safi! Hakuna aliyeiona. Mwenye mabuti alikuwa ameketi juu ya mchanga, amejishika mbavu.

Mama Kulwa peke yake hakucheka. Alinitazama sana. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Rudisha mchanga wangu. Wote. Halafu uje uchukue funguo. Mtu asiyejua kilichoko usoni kwake hawezi kuniibia mimi."

Nikaurudisha kwa viganja, yeye amesimama juu yangu akinionyesha punje nilizozisahau.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro, niko kitandani, chumba ninacho. Ukuta ni wa mabanzi, na upande wa pili mwenye mabuti anaisimulia kwa wenzake waliotoka shimoni. Kwa maelezo yake nilikuwa nalia, na wosha ilikuwa kwenye paji la uso. Nimevumilia. Nimevumilia sana. Mwishowe nikagonga ubao: "Kidevuni, bwana!"

Bado wanacheka. Nanyi kama ni lazima mcheke, chekeni, ila mkimsimulia mtu msinizidishie: sikulia, na ilikuwa kidevuni.