Muhuri wa Bwana Pargeter

Desmond Pargeter alikuwa na pua ya kunusia matanga. Mzee yeyote wa Sleaford, mji mdogo wa Uingereza, aliyekusanya ndege za plastiki za kuunganisha akishafariki, wiki ya pili Desmond yuko sebuleni kwa mjane, tai shingoni, kikombe cha chai mkononi, akijiita mthamini. Jumanne ile ilikuwa zamu ya Bi Hilda Crowson.

Mezani palikuwa na boksi moja tu: Jet Provost, ndege ya kufundishia marubani wa jeshi, vipande vya kuunganisha mwenyewe. Marehemu Ron alikuwa fundi wa ndege hizo miaka kumi na tisa, na boksi alilitunza aje aiunganishe akistaafu. Hakuwahi. Desmond alifunua kifuniko, akaona mfuko wa ndani bado umezibwa vilevile ulivyotoka kiwandani, moyo ukamwenda mbio. Wakusanyaji wangeuana kwa mfuko ule. Usoni, hata hivyo, alivaa huzuni ya mazishini.

Akalitikisa boksi sikioni mara mbili.

"Pole, mama. Kioo cha rubani hakimo. Bawa moja limepinda kama ndizi. Stika ndizo kabisa, zimekufa."

"Maskini Ron wangu! Yote hayo umeyajua kwa kutikisa?"

"Uzoefu, mama. Pauni tano, na hapo nimekuonea huruma."

"Niandikie basi, mwanangu. Kichwa changu hiki kinasahau."

Desmond hakuwahi kumnyima mjane karatasi. Ndiyo iliyompa heshima ya msomi. Akaandika kasoro zote na bei, akatia sahihi, akagonga muhuri aliojichongea mwenyewe, akaweka noti ya pauni tano mezani, akamega kipande cha pili cha keki.

Jumapili klabu ya wakusanyaji ilifanya maonyesho kwenye ukumbi wa kanisa. Boksi la Ron lilikaa kwenye meza ya Desmond, mbele ya maboksi mengine aliyonunua kwa wajane, bei pauni mia tatu, watu wamelizunguka.

"Kamili, mabwana! Mfuko haujaguswa tangu kiwandani. Kagueni wenyewe!"

"Na mimi nikague," alisema Bi Hilda, mkoba kwapani. Akaugeuza mfuko pande zote, bila haraka. "Kweli haujafunguliwa. Sasa Jumanne, mwanangu, ulionaje kwamba kioo hakimo?"

Akakunjua karatasi, akaisoma kwa sauti ya mimbarini, mpaka na muhuri.

Mwenyekiti wa klabu alivua miwani. "Desmond, kipi cha uongo? Karatasi au bei?"

Karatasi ile ilikuwa msumeno, inakata mbele na nyuma. Akiikubali, boksi ni la pauni tano; akiikana, amekiri kumwibia mjane, na meza ya kuuzia klabuni ataisikia kwa wenzake.

"Bei," alinong'ona. "Nilikosea bei."

"Basi shika tano yako. Ni noti ileile." Bi Hilda alilikumbatia boksi, machozi yakimlengalenga. "Gundi nimeshanunua. Ron ataruka."

Desmond akashusha pumzi. Hasara ya boksi moja si kifo. Lakini Bi Hilda alikuwa ameshafika mlangoni.

"Beryl, ingieni! Amekubali bei za kwenye karatasi!"

Nje walikuwepo wajane saba, Beryl mbele, kila mmoja na karatasi yake yenye muhuri na noti ya kukombolea boksi lake, wamepanga foleni.