Vichwa Vitatu kwa Fahali wa Aina Tatu

Delmer Pruitt aliingia Kettle Butte, Montana, kwa pikapu inayokohoa kama mzee wa kiko, na nyuma, ndani ya blanketi, kulikuwa na mafuvu matatu ya dinosau. Mafuvu yalikuwa ya kweli. Ninalisema hilo mapema kwa sababu ndicho kitu pekee cha kweli alichowahi kumiliki mtu yule.

Alipumzika kwenye mkahawa wa Wilma Haugen. Kahawa haijapoa, akamsikia kaka yake Wilma, mfugaji Orville Tveit, akiwalilia wenzake wa mezani kwamba mji jirani wa Harlow una fuvu moja tu la dinosau, tena lenye ufa, na bado watalii wanajaa huko kama nzi kwenye asali. Delmer akaweka kijiko chini taratibu, kama mchungaji anayefunga Biblia.

"Moja tu?" akasema. "Maskini watu wa Harlow. Mimi ninazo aina tatu."

Akayaleta mafuvu yake, akayapanga mezani. La kwanza dogo, bapa utosini, miiba tele kama mchongoma. La pili kubwa kidogo, miiba ipo, na utosini kinundu kimeanza. La tatu kubwa hasa, limevimba juu kama bakuli lililofunikwa, miiba imebaki vifundo tu.

"Hawa walikuwa wala majani, mzee. Mfupa wa utosi mnene kama tofali, ubongo kama yai la kuku. Wakigombana, kichwa kwa kichwa."

"Kama wewe na shemeji yako," Wilma akamwambia kaka yake.

Orville hakusikia. Alikwisha ona ghala lake limekuwa makumbusho, na yeye mlangoni na tai shingoni. "Utajuaje kuwa ni aina tatu?"

"Kichwa, mzee wangu. Kichwa kikibadilika, aina imebadilika. Hiyo ndiyo sayansi, mengine porojo. Na kila aina itaitwa Tveit."

Orville akalinyanyua lile dogo alipeleke dirishani kwenye mwanga. Mwiba ukanasa kwenye mkono wa shati, fuvu likayumba.

"Taratibu, usimwangushe mtoto," Delmer akaropoka. Kisha akakohoa kama pikapu yake.

Wilma alikuwa akimimina kahawa. Hakumwaga hata tone. "Sasa semeni bei," akasema, "tena kwa sauti, meza nzima isikie."

Ukame wa mwaka ule ulikausha mifuko kabla ya visima; zizini kwa Orville tu ndiko kulikobaki mali. Delmer alikwisha pita huko akachungulia: fahali mwekundu, fahali mweusi, na yule mweupe aitwaye Gavana, mshindi wa maonyesho, ambaye Orville humwamkia kabla ya mkewe.

"Vichwa vya aina tatu," Delmer akatangaza, "kwa fahali wa aina tatu, damu ya Gavana iwemo."

"Na aina ni nini?" Wilma akauliza. "Kaka yangu mzito wa kuelewa, mwambie tena."

"Kichwa kikibadilika, aina imebadilika."

Wakapeana mikono. Wafugaji wa Kettle Butte hawaandikiani. Mkono uliotolewa kwenye meza ile ni sheria, na anayeuvunja hauziwi hata mafuta ya gari. Mafuvu yakabaki kwa Orville. Delmer akaenda kuazima tela.

Asubuhi, Delmer aliporudi na tela, wanaume wa meza ile walikuwa wameegemea ua wa zizi. Gavana alikuwa akicheua. Wilma akatoka na ndama mmoja kwenye kamba, dume, maziwa bado mdomoni.

"Mtoto wa Gavana," akasema. "Mzigo wako huo."

"Mmoja? Wengine wako wapi?"

"Wamo humo humo. Leo utosi laini: aina ya kwanza. Mwakani vinundu vya pembe: ya pili. Akikomaa, pembe kamili: ya tatu."

"Mama, usinitanie. Huyo atakuwa fahali yule yule."

Pale uani watu wakaacha kutafuna tumbaku.

"Rudia, baba," Wilma akasema kwa upole. "Mnyama akikua, kichwa kikabadilika, bado ni yule yule? Maana kama ndivyo, jana ulimuuzia kaka yangu aina moja mara tatu."

Delmer akamtazama Gavana. Akawatazama wale wanaume, ambao kila mmoja alikuwa na mabega ya kufaa kubeba lango. Wataalamu bado wanabishana kama wala majani wale walipigana vichwa kweli. Ila kichwa cha Delmer siku ile kiligonga ukuta, mashahidi tupo.

"Ni aina tatu," akasema.

"Basi wapakie. Na uwape maziwa njiani, wote watatu."

Ndama hakutaka tela, akapanda mbele. Kwenye kituo cha mafuta, mwenye kituo, aliyekuwa mezani jana yake, akainama dirishani.

"Umebeba fahali wangapi, bwana?"

Ndama akamlamba Delmer sikio.

"Watatu," Delmer akajibu. Ndipo akawekewa mafuta.