Matanga ya Marehemu Aliyefufuka Sura ya Tisa

Josiah Kombe,
Idsowe,
Garsen.
Machi 1999

Kwa Mkutubi,
Sanduku la Vitabu,
Hola.

Mheshimiwa Mkutubi,

KUH: KITABU CHENYE JALADA LA KIJANI

Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba hakuna aliyefariki kwenu, awe wa nyumbani au wa kitabuni. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kwa haya nitakayoeleza.

Kwanza ujue mimi si adui wa vitabu. Tangu gari lenu lianze kutuletea sanduku hapa shuleni, kile cha ufugaji wa kuku nimekisoma mpaka kimeanza kunuka banda. Huyo ndiye mwandishi! Kuku wake akifa, anakwambia kafa kwa ugonjwa gani, wala hamrudishi ukurasa wa mbele akiwa anataga. Kile cha hesabu cha darasa la tano nacho nakipenda, maana watu wake hununua maembe, hugawana, basi. Lakini mke wangu Zipporah, aliyemaliza ngumbaru mwaka jana na sasa anasoma hata karatasi za kufungia sukari, aliazima hadithi ya Shee, mchonga mitumbwi. Akawa anamsomea mama yangu jioni, mama akipepeta mpunga. Hapo ndipo balaa lilipoingia, nami naomba nilieleze kwa utaratibu.

1. Katika sura ya saba mto ulifurika ukamchukua Shee. Mwandishi hakutuandaa hata kidogo. Kwetu habari ya kifo huletwa na mtu mzima, naye huketi kwanza, hunywa maji, huuliza habari za shamba, ndipo aseme. Huyu alimuua Shee katikati ya sentensi, mama akiwa na ungo mkononi. Mpunga wote ulimwagika na kuku wakaufaidi.

2. Mama akapiga ukemi. Kwetu Wagiriama ukemi wa msiba hauulizwi. Ukiusikia unatupa jembe unakimbia. Majirani walipofika walimkuta ameketi mkekani, kanga kichwani, akimlilia Shee kwa jina. Nilijaribu kuwaeleza kwamba marehemu ni wa kitabuni, lakini nani atamsikiliza mfiwa anayesema hana msiba? Walidhani uchungu umenipanda kichwani, wakanikalisha na kunipa uji. Jua halijatua, hanga, yaani matanga, lilikuwa limeshakaa: wanawake mikekani, wanaume chini ya ukuta, na moto wetu umezimwa kwa kuwa wafiwa hawapiki.

3. Abduba, jirani yetu Muorma anayetuletea maziwa, alikuja na kondoo dume mnono, akamchinja mwenyewe ili wote tule. Kesho yake akatokea bwana mmoja kutoka Ozi, asiyejulikana na yeyote, akasema marehemu Shee ni wa ukoo wao. Alilia kuliko sisi, akala kuliko sisi, akaondoka na paja zima kuwapelekea wafiwa wenzake.

4. Hili ndilo linaloniuma. Baba yangu, Mzee Kombe, alifariki wakati wa Elinino. Maji yalikuwa yametuzunguka pande zote. Tulimzika pale kwenye mwinuko wa shule, sisi wachache tuliokuwa tumekimbilia hapo, kisha tukarudi kupanga foleni ya unga ulioshushwa na helikopta. Mama hakupiga ukemi, maana kila jirani alikuwa kwenye kisiwa chake na nani angekuja? Alisema atalia maji yakishuka. Yaliposhuka, kulikuwa na shamba la kufufua. Sasa, Mheshimiwa, ni haki kweli mtu wa karatasi apate hanga kamili, nyimbo, kondoo na jamaa wa Ozi, na baba yangu asipate hata chai ya rangi? Nasema bila aibu: nimemwonea wivu marehemu wa kitabuni.

5. Kana kwamba hayo hayatoshi, nilisoma mbele kwa siri. Sura ya tisa Shee anarudi mzima! Alikuwa amenasa juu ya mkuyu, akila matunda yake kwa raha zake, na maji yalipopungua akaja nyumbani kuulizia chakula. Sasa tutauweka wapi uso? Abduba akijua, atamtaka kondoo wake, naye kondoo hafufuki. Na mama akisikia kwamba kuna wanaorudi, si atauliza kwa nini wa kwake hakurudi? Nitamjibu nini? Nimekificha kitabu ndani ya pipa la mpunga, na ndiyo sababu hakikurudi na sanduku.

Kwa hiyo naomba mwandishi aje Idsowe mwenyewe, na asije bila kondoo. Akishindwa, basi amuue Shee upya, safari hii kwa adabu. Kuanzia sasa vitabu vyote vyenye maiti vibaki hukohuko Hola. Vya mapenzi pia, kwa kuwa penzi likianza, maiti haiko mbali. Na vya mashairi, kwa kuwa watunzi wengi huandika kama waliofiwa. Tuleteeni kuku tu.

Nisalimie wote wa ofisini na dereva wa gari la vitabu. Mama anawasalimu, Zipporah anawasalimu. Abduba naye angewasalimu, ila sijamwambia kwamba naandika.

Wako katika msiba usio na kaburi,
Josiah Kombe

Baada ya sahihi: Kabla sijapata wa kuipeleka barua hii, Zipporah alitia mkono pipani kuchota mpunga wa kutwanga, akakikuta kitabu. Alimsomea mama sura ya tisa, Abduba na mkewe Gumato wakisikiliza. Mimi niliinamisha kichwa. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema tangu mwanzo alijua Shee ni wa kitabuni, yeye si mtoto. Ila aliposikia maji yamemchukua mtu, na njia ni kavu, na majirani wote wako karibu, aliona akilia sasa watu watakuja. Jina lilikuwa la Shee, lakini machozi yalikuwa ya baba. Abduba akasema yeye alilijua hilo alipokuwa akimchagua kondoo, kwani Mzee Kombe alikuwa rafiki yake. Kumbe hanga zima lilijua isipokuwa mimi niliyekuwa nikinywa uji.

Sasa Gumato, ambaye mafuriko yaleyale ya Elinino yalimchukua kaka yake pamoja na ng'ombe, anauliza Zipporah atakwenda kusoma kwake lini. Basi naomba uyapuuze yote niliyoandika hapo juu. Sanduku lijalo tutilie kitabu ambamo mchungaji wa ng'ombe anakufa. Kondoo nitatoa mimi.